Nimemwona kasa, shosti, tena maski nikiwa nimeivua

Shosti wangu,

Salamu tutapeana baadaye maana najua unachotaka kujua ni kimoja tu, nilimwona au sikumwona. Nilimwona. Mara mbili. Na mara ya kwanza maski ya kuogelea nilikuwa nayo mkononi, macho yanawasha chumvi, nakohoa kama mgonjwa, yaani hali ambayo hata wewe nisingependa unione. Ila subiri nianze mwanzo, maana wewe ukisoma nusu nusu utaenda kwenye hiyo safari yako ukarudie makosa yangu yote moja baada ya jingine.

Boti haikuwa kubwa, tulikuwa abiria 9, nahodha, na kijana mmoja wa kutuongoza ndani ya maji. Si unajua mimi na mawimbi hatupatani. Sasa kidonge cha kichefuchefu nikakimeza tukiwa tumeshaondoka, na kile kinatakiwa kimezwe mapema kabla hata hujapanda, nusu saa au saa nzima nyuma, kwa sababu tumbo likishaanza kuzunguka huko baharini ukikimeza unawamezea samaki tu, kinarudi kilivyo. Juu ya hapo nikajikalisha mbele kabisa kwa ajili ya picha, kumbe mbele ndo kunarushwa kuliko sehemu yoyote ya boti. Nahodha akaniangalia akasema dada, njoo huku nyuma ukae katikati, simu weka, tazama kule mbali maji yanapokutana na mbingu. Nikatii bila ubishi. Baada ya muda tumbo likatulia, sio lote, ila niliweza kujibu mtu akinisemesha.

Yule kijana alitupa maelezo tukiwa bado tunakwenda na nilimpenda kwa sababu hakusoma sheria kama askari. Alisema kasa ana mapafu kama mimi na wewe, hapumui maji, kwa hiyo lazima apande juu kuvuta hewa, akiwa anaogelea na kula ni kila baada ya dakika chache, akilala ndo anaweza kukaa chini saa kadhaa. Sa wewe ukija ukamkalia kwa juu ni sawa na mtu kukufungia mlango kwa nje wakati nyumba imejaa moshi. Kaa pembeni, usipungue mita 3, usimguse, usimfukuze, usimzibie njia ya kwenda juu, na hapo ndo aliishia, hakuna hotuba. Halafu dada mmoja akauliza eti tutaona kobe wangapi, kijana akacheka, akasema kobe anakaa nchi kavu ana miguu na shingo anaingiza ndani akiogopa, kasa ana makasia na hawezi kuficha kichwa wala mikono, alichonacho nje kiko nje siku zote. Sikuwa najua hilo mwenzangu. Nimekuwa mtu mzima nikiamini wote wanajificha.

Haya, maski. Hapa naomba usome taratibu kwa sababu nusu ya safari yangu iliishia kwenye maski. Walitoa tenga zima la maski, kila mtu achague, mimi nikachagua kwa rangi. Kumbe unaipachika usoni bila kamba, unavuta hewa kidogo kwa pua, ukiachia mkono ikibaki imenata ndo yako, ikianguka rudisha tengani chukua nyingine hata kama ni mbaya. Yangu ilianguka nikasema aa, kamba itasaidia. Nikaikaza kamba mpaka nikaona nyota, na ukiikaza sana ndo unaupinda ule mpira wa pembeni maji yanapata pa kupita, afadhali ungeilegeza. Na bado misuko yangu, we mwenyewe unaijua, nywele mbili tatu zikiingia chini ya ule mpira basi, ni kama umefungua bomba. Inabidi uzibane zote nyuma na uhakikishe kwenye paji la uso hamna kitu, hata zile ndogo ndogo za pembeni. Ukungu nao, wenzangu wakawa wanatema mate kwenye kioo wanapaka kwa kidole wanasuuza haraka, mimi nikaona uchafu huo, dakika ya tano sioni hata mkono wangu. Nikatema. Mate yako mwenyewe, unamwonea nani aibu.

Kuingia majini tulishuka kwa ngazi. Yale mapezi ya miguuni usitembee nayo kwenda mbele, utaanguka kifudifudi, tembea kinyumenyume, au yavae ukiwa umeshakaa pembeni ya maji. Nilivaa jaketi la kuokolea na sikuona haya, maana linakuweka juu hufanyi kazi yoyote, kazi yako ni kutazama. Lakini pumzi ya kwanza, shosti! Uso uko ndani ya maji, mrija uko mdomoni, akili inajua kabisa hewa ipo, mwili unakataa. Kifua kinagoma. Nikanyanyua kichwa mara nne. Yule kijana alikuwa na boya la duara, akaniambia shika hili kwa mikono yote miwili, weka uso, kwanza toa hewa yote ndiyo uvute. Toa kwanza. Nikatoa, nikavuta, ikaja. Na mrija ukiingia maji usitoe mdomoni, puliza mara moja kwa nguvu, tu!, yanaruka juu yote. Nilipozoea hapo nikaacha hata kusikia watu, nasikia pumzi yangu tu inaenda inarudi.

Chini kulikuwa na matumbawe na samaki wa kila rangi, sitakuchosha nao. Ila nikwambie kitu kimoja, kule chini kila kitu kinaonekana kikubwa na karibu kuliko kilivyo, kitu kiko mita 4 wewe unaona mita 3, kwa hiyo nilitaka kugusa jiwe nikawa nashika maji. Na ukifika muda fulani unachoka kutafuta. Nusu saa hamna kasa. Maski imeanza kujaa tena, chumvi puani, nikasogea pembeni, nikaivua, nimebaki naelea kama nazi, nafuta macho na mkono ambao nao una chumvi.

Ndo nikasikia mtu anapumua nyuma yangu.

Nakuapia nilidhani ni yule mzee tuliyekuwa naye botini. Ilikuwa pumzi nzito ya kutoka, fffuuh, halafu kimya kidogo, halafu ya kuvuta, fupi. Ile ya babu anayenyanyuka kwenye kiti. Nikageuka nikitegemea kuona binadamu nikaona kichwa. Kichwa kikubwa kama ngumi mbili, kimekauka juu kimelowa chini, na jicho moja jeusi zito lenye kope zilizolegea linanitazama bila haraka, wala hakushtuka, mimi ndo niliyeshtuka. Alikuwa mbali kama urefu wa kitanda na nusu hivi. Akavuta tena hewa, maji yakamtiririka kwenye mdomo, akainamisha kichwa akaondoka. Sekunde ngapi, kumi? Hata kumi hazifiki. Sikupiga kelele, sauti haikutoka, nikawa nanyoosha kidole tu kama mtoto.

Nilivaa maski ile ile inayovuja nikaweka uso majini, na kweli, anashuka. Akipiga kasia moja anaenda mbali kuliko mimi nikipiga mapezi mara kumi, najua kwa sababu nilijaribu, nisikudanganye, maelezo yote ya botini yalipotea kichwani nikaanza kumfuata mbio. Kijana akanishika mguu. Akanionesha kwa kiganja, tulia. Nikatulia basi, nikaelea, na kasa hakwenda mbali, alikuwa anarudi mezani kwake, pale chini kulikuwa na uwanja wa majani ya bahari, akatua juu yake akaendelea kula.

Hapo tulimtazama labda dakika kumi. Anakata majani kama ng'ombe, kichwa kinavuta pembeni, krap, vumbi la mchanga linapanda, vipande vinaelea na samaki wadogo wanavigombania. Wengine wakawa wanamdonoa mgongoni wanakula ule ukoga ulioota kwenye gamba na yeye kaacha tu, akageuza kasia kidogo kama mtu anayeinua mkono akunwe kwapa. Gamba nimelitazama sana. Nilikuwa nadhani ni nyumba amebeba, kumbe ni mbavu na uti wa mgongo wake vimeungana humo, ni mwili wake na anahisi ukimgusa, sa fikiria watu wanaowapanda mgongoni kwa ajili ya picha.

Na hilo nililiona kwa macho, tena siku hiyo hiyo. Ikaja boti nyingine, sitasema ya nani, wakamwaga watu kama kumi na zaidi palepale juu, wanapiga miguu, wanaita, na mmoja akajitosa chini mkono umenyooshwa kwenye gamba. Kasa hakugombana na mtu. Akaacha majani yake mdomoni, akapiga makasia mawili, hayupo. Wale watu hata hawakumwona vizuri, wameona povu. Nilikuwa na hasira mpaka nikasahau kuwa robo saa nyuma mimi mwenyewe nilishikwa mguu. Kijana wetu hakusema neno, alitupa ishara turudi botini.

Kwenye boti ndo akafunguka, na mimi unanijua kwa maswali. Nilimuuliza amejuaje ni kasa wa kawaida na sio ng'amba, ile aina nyingine ya kasa, akachukua picha ya mwenzetu mmoja akaikuza kwenye simu, akaonesha katikati ya macho juu ya pua, kasa huyu ana magamba mawili marefu, ng'amba angekuwa na manne, na mdomo wa ng'amba umechongoka kama wa ndege kwa ajili ya kuchokoa sifongo kwenye nyufa za matumbawe. Halafu yale magamba ya shavuni kila kasa ana mpangilio wake, ndo maana watafiti wanaweza kumtambua mmoja mmoja kwa picha tu, bila kumfunga kitu. Nikauliza jike au dume, akasema mkia mfupi kama huu ungekuwa wa jike, lakini akiwa bado hajakomaa huwezi kujua kwa kutazama nje, na hawa kukomaa ni miaka 25 na kuendelea, kwa hiyo huyo tuliyemwona anaweza kuwa rika letu na bado ni kijana kwao!

Akaongeza jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Yai la kasa halina jike wala dume mwanzoni, mchanga ndo unaamua, joto likiwa kwenye nyuzi 29 hivi wanatoka mchanganyiko, likizidi wanatoka majike. Nilivyorudi nikasoma kidogo, kuna utafiti uliotoka 2018 kuhusu kasa waliozaliwa fukwe za kaskazini mwa Great Barrier Reef huko Australia, wale wadogo walikuta karibu 99 kati ya 100 ni majike. Nikacheka kwanza, nikasema bahari nzima sisi tu, halafu nikaacha kucheka.

Picha usiniulize. Simu niliiweka kwenye mfuko wa plastiki wa kuning'iniza shingoni, nimepiga 41, zote kijani, moja ina kidole. Mgongo sikuungua kwa sababu nilivaa fulana ya mikono mirefu, ila nyuma ya magoti nilisahau na siku mbili nilikuwa nakaa kwa adabu. Fulana ni bora kuliko kujipaka, yale mafuta ya jua mengine yana dawa zinazosemwa kudhuru matumbawe, Hawaii tangu 2021 zenye oksibenzoni na oktinoksati haziuzwi hivihivi dukani.

Sasa wewe. Kabla hujalipia kokote waulize wanakuwa watu wangapi kwa kiongozi mmoja, na uulize wakimkuta kasa wanafanya nini. Anayekuahidi kwamba utamshika, achana naye. Anayekuahidi kwamba lazima utamwona naye mtilie shaka, yule mnyama hana ratiba. Uliza na maji ya siku hiyo yakoje, wakati yanajaa mara nyingi yanakuwa masafi, yakitoka yanabeba matope. Kuogelea kwako kwa kubahatisha kusikutishe, vaa jaketi, sema mapema kwamba unaogopa, usikae kimya kama mimi.

Maski nimejinunulia yangu baada ya pale, iliyonata bila kamba, nimeijaribu mbele ya kioo mpaka nyumbani wakanicheka. Iko kwenye mfuko mweusi, nitakuazima. Usiifute kioo na kitambaa kikavu kina mchanga, itakwaruzika nitakudai. Na ukifika, mara moja moja nyanyua kichwa nje ya maji, uvue maski usikilize. Ukiisikia ile pumzi uniambie kama na wewe umemsikia babu anayenyanyuka kwenye kiti, maana hapa kila ninayemsimulia ananitazama tu.

Wasalimie wote,
mimi wako yule yule