Jua litapatwa tarehe 2 Agosti 2027: waandishi na walimu waanze maandalizi mapema

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nikumbushe kwamba mchana wa Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, jua litapatwa, na sisi wa Tanzania na Kenya tutaliona likiwa limemegwa sehemu tu. Naandika mapema kwa makusudi, kwa sababu magazeti yetu yamezoea kuliandika jambo hili siku lenyewe linapotokea, au kesho yake, kana kwamba hakuna aliyekuwa na habari nalo.

Habari zipo, na ni za miaka mingi. Tarehe 30 Juni 1973 wakazi wa kandokando ya Ziwa Turkana, ambalo wakati huo liliitwa Ziwa Rudolf, waliona jua likifunikwa lote. Kupatwa kwa mwaka 2027 ni kwa ukoo ule ule, yaani mfululizo wa kupatwa unaojirudia kwa mzunguko mmoja. Wataalamu wa falaki huuita mzunguko huo sarosi: miezi mwandamo 223, yaani miaka 18, siku 11 na takriban saa 8, ambapo jua, mwezi na dunia hurudia mpangilio unaokaribia sana ule wa awali. Hizo saa 8 ndizo zinazotunyang'anya tukio, kwa kuwa dunia inakuwa imezunguka theluthi moja zaidi na kivuli cha mwezi kinaangukia mbali magharibi. Ndiyo maana tarehe 11 Julai 1991 kilipita Hawaii na Mexico, na tarehe 22 Julai 2009 kikapita India na China. Saa 8 mara tatu ni siku nzima, kwa hiyo safari ya tatu kinarejea Afrika, miaka 54 na mwezi mmoja hivi baada ya 1973.

Kinarejea, ila kimesogea. Katika ukoo huu kila sarosi moja husukuma kivuli kidogo kuelekea kaskazini, na safari hii kiini chake, ambako jua hufunikwa lote, kitapita kusini mwa Hispania, Afrika ya Kaskazini, Misri, Makka, Yemen na ncha ya Somalia. Karibu na Luxor giza litadumu zaidi ya dakika sita. Turkana, iliyokuwa katikati ya njia mwaka 1973, sasa itakuwa pembeni na kupata sehemu tu, kama sisi. Hata ukoo wenyewe ulianza kwa sehemu, mwaka 1360, huko kusini kabisa mwa dunia, na utakwisha kwa sehemu upande wa kaskazini mwaka 2622, baada ya kupatwa mara 71.

Jambo linaloniuma ni la tarehe 1 Septemba 2016, siku ambayo mwezi uliziba katikati ya jua na kuacha pete ya mwanga pembeni, ikaonekana Rujewa, mkoani Mbeya. Katika shule niliyokuwa nikifundisha, wanafunzi walifungiwa madarasani na madirisha yakafungwa, wasije wakapofuka. Mimi nilibaki uani, chini ya mwembe. Kila upenyo kati ya majani ulichora jua dogo lenye umbo la hilali juu ya mchanga uliofagiwa asubuhi, mamia kwa mamia, yote yakielekea upande mmoja, na mtoto angeweza kuyahesabu bila hata kuinua uso. Hakuna aliyetoka kuyaona.

Hofu ya macho ni ya haki. Jua linapopatwa kwa sehemu, hakuna hata sekunde moja ya kulitazama kwa macho matupu, kwani kipande kilichobaki huunguza jicho bila maumivu. Miwani ya kawaida ya jua haifai, wala filamu za eksirei. Inayofaa ni miwani maalumu ya kutazamia jua, yenye kiwango cha ISO 12312-2. Lakini kivuli cha mwembe hakimdhuru mtu.

Ninaloomba kwako, Mhariri, ni kuchapisha wiki kadhaa kabla jedwali la saa za kuanza, kufikia kilele na kuisha kwa kila mji, ili shule zijipange na misikiti ijue muda wa sala ya kupatwa kwa jua. Tena mtume mwandishi Turkana. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1973 atakuwa na miaka 64 siku hiyo, na anaweza kutueleza mwenyewe mchana ule uligeukaje usiku.

Mwalimu mstaafu,
Tanga