Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Mwaka jana nilisimama hapa nikaahidi kwamba tutaacha kudai "sera bora" kwa jumla na tutadai jambo moja: fedha za kuhesabu samaki. Ahadi hiyo tumeitimiza nusu.

Nianze na habari njema. Tarehe 15 Septemba mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu ruzuku za uvuvi, uliopitishwa Juni 2022, ulianza kutumika. Siku nne baadaye mkataba wa bahari kuu, unaolinda viumbe wa maji yaliyo nje ya mamlaka ya nchi yoyote, nao ukafikisha nchi 60 zilizouridhia, idadi iliyohitajika ili uanze kutumika Januari 2026. Wenzetu walioijadili mikataba hii, waliokuwa wakitaniwa kwa vikao visivyokwisha, sasa wana la kuonyesha.

Lakini kisomeni vizuri kifungu cha 4 cha huo mkataba wa ruzuku. Kinakataza serikali kufadhili uvuvi wa samaki ambao tayari wamevuliwa kupita kiasi. Nani anaamua kwamba wamevuliwa kupita kiasi? Ni nchi yenyewe ya pwani, au jumuiya ya kikanda inayosimamia uvuvi huo, kwa ushahidi bora wa kisayansi ilio nao. Ilio nao! Nchi isiyopima haina cha kutangaza, na isipotangaza yenyewe wala jumuiya yake ya kikanda, kifungu hicho hakiigusi; ruzuku ya mafuta itaendelea kumiminwa kwenye matangi ya meli. Nilipoyasema haya mbele ya kamati ya bajeti, mjumbe mmoja aliyekuwa akichezea simu aliiweka chini.

Si kwamba hatujui hali ilivyo. Tathmini ya mwaka huu ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa inasema asilimia 35.5 ya akiba za samaki wa baharini duniani zinavuliwa kupita kiasi. Mwaka 1974 zilikuwa kama asilimia 10. Jodari, ambao hufuatiliwa kwa karibu na jumuiya za kikanda, wako katika hali nzuri zaidi. Pamoja na hayo, ripoti ya UNESCO ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa nchi hutenga kwa wastani asilimia 1.7 tu ya bajeti zao za utafiti kwa sayansi ya bahari.

Kilichotusaidia zaidi mwaka huu hakikuwa takwimu hizo. Wajumbe wawili wa kamati walikubali kuja maabara. Tuliwawekea chini ya hadubini kipande chembamba cha kijiwe cha sikio la samaki, chenye pete kama za shina la mti: moja angavu, moja nyeusi, huo ni mwaka mmoja wa umri wa samaki. Mmoja akahesabu saba, mwenzake nane, wakaanza kubishana. Fundi wetu akawaambia ndiyo maana kila kijiwe husomwa na watu wawili. Bajeti ikibana, kazi hii ndiyo ya kwanza kukatwa, kwa sababu yenyewe haina utepe wa kukata mbele ya kamera.

Niliwakumbusha pia yaliyotokea Newfoundland, Kanada. Miaka ya 1980 makadirio ya idadi ya chewa wa huko (kwa Kiingereza, cod) yalitegemea mno mavuno ya meli kubwa, ambazo ziliendelea kujaza nyavu kwa sababu zilijua samaki waliobaki wamejikusanya wapi. Wavuvi wadogo wa pwani walilalamika mapema kwamba samaki wanapungua na wanakuwa wadogo. Julai 1992 uvuvi ulifungwa, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Marufuku hiyo iliondolewa rasmi mwaka 2024 tu.

Sasa ile nusu ya pili. Safari yetu ya utafiti ya robo ya tatu haikufanyika. Fedha ziliidhinishwa, zikachelewa, msimu ukapita. Sehemu ya lawama ni yangu: barua ya kukumbushia ilikaa mezani kwangu wiki tatu nikingoja saini ambayo ningeweza kuifuata mwenyewe. Mwakani tutapima samaki wa mwakani. Wa mwaka huu hatutawapima tena, na pengo hilo litabaki kwenye mfululizo wetu wa takwimu.

Wanachama wavuvi nao wana lalamiko la haki: hujaza daftari za mavuno kila safari, kisha hawasikii tena lolote. Baada ya yaliyotokea Newfoundland, sisi hatupaswi kabisa kuwapuuza wavuvi. Kuanzia sasa matokeo yatarudishwa kwao kabla hayajapelekwa wizarani.

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Iliyobaki ni hoja moja: chama kiombe fungu la utafiti la miaka mitano mfululizo, hata kama kiasi cha kila mwaka kitakuwa kidogo kuliko tunachopewa sasa, badala ya kuanza kuomba upya kila bajeti. Najua baadhi yenu mnaona tunajipunguzia wenyewe. Mtoa hoja yuko safu ya pili, namkaribisha.