Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Soko Letu la Picha za Dijitali, Lamu

Ndugu wanachama, assalaam aleikum.

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha kwenu taarifa ya shughuli za soko letu kwa mwaka tunaoumaliza. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitashika jambo lililoishughulisha kamati kuliko yote, nalo ni usalama wa picha zenyewe na haki za watu waliomo ndani yake.

Mapema mwaka huu, soko la ng'ambo tulilolitumia kuuzia picha zetu za kwanza, kabla hatujajenga la kwetu, lilifungwa. Mnunuzi mmoja alituandikia kwamba tokeni yake, yaani cheti cha kidijitali cha picha aliyoinunua, bado imo katika pochi yake ya dijitali, jina la mpigapicha linasomeka na tarehe ya mauzo ipo, lakini pale ilipokuwa mashua ikishusha tanga pamebaki mraba mtupu wa kijivu. Wengi wetu, nami nikiwemo, tulikuwa tukiamini kwamba kilichosajiliwa katika blokucheni, daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi, hakipotei. Ukweli ni kwamba faili la picha ni zito, na kuliweka humo ni ghali mno. Kinachowekwa kwa kawaida ni rekodi ya umiliki pamoja na anwani ya mahali faili lilipo, na seva iliyo kwenye anwani hiyo ikizimwa, mnunuzi hubaki na risiti ya kitu asichoweza kukiona. Alhamdulillahi, mpigapicha alikuwa amehifadhi faili la asili katika diski nyumbani kwake Langoni, nasi tukampelekea mnunuzi picha yake. Hata hivyo tokeni ile bado inaelekeza kwenye anwani mfu, kwa kuwa mkataba wake wa programu, yaani programu inayoiendesha tokeni hiyo ndani ya blokucheni, uliandikwa usiweze kubadilishwa.

Tangu hapo picha zote mpya zinawekwa katika IPFS, mtandao wa kompyuta nyingi zinazohifadhi na kugawana mafaili, ambako anwani hukokotolewa kutokana na faili lenyewe, hivyo picha ikiguswa hata nukta moja ya rangi, anwani haitalingana tena. Lakini naomba tusijidanganye mara ya pili: mtandao huo haumlazimishi mtu yeyote kuhifadhi faili la mwenzake, na faili hudumu pale tu panapokuwa na kompyuta inayoendelea kulishikilia. Kwa sababu hiyo kamati imeanza kutunza nakala za asili katika diski mbili, moja hapa ofisini na nyingine bara, ili unyevu na chumvi ya kisiwa visituharibie zote kwa pamoja.

Jambo la pili lilinigusa zaidi. Mnaikumbuka picha ya mikono ya fundi wa Matondoni akipiga kalafati, pamba ikiingia katikati ya mbao na ukucha wa kidole gumba umepasuka. Picha hiyo iliuzwa, kisha ikauzwa tena kwa bei ya juu zaidi. Nilipomwonyesha fundi kwenye simu, aliiangalia kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwenyekiti, mikono hii ni yangu, aliyeinunua ni nani?" Nilimweleza kwamba mnunuzi wa tokeni hanunui hakimiliki, ambayo hubaki kwa mpigapicha isipokuwa imehamishwa kwa maandishi. Jibu hilo ni sahihi, lakini halikumhusu yeye, na sikuwa na jingine. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, inayolinda taarifa binafsi za mtu, tangu 2019, nasi tulikuwa tukipiga picha katika vichochoro, katika Maulidi na magatini bila hata karatasi moja ya idhini. Kamati inapendekeza kwamba picha yoyote inayomtambulisha mtu isisajiliwe bila idhini yake iliyoandikwa, ikitaja pia fungu lake la mauzo.

Kuhusu mrabaha, yaani fungu la mpigapicha kila picha yake inapouzwa tena, kanuni ya kiufundi ya tokeni iitwayo ERC-2981 hutaja tu kiasi na mpokeaji. Haimlazimishi muuzaji kulipa, na tangu 2023 masoko makubwa yameufanya malipo ya hiari. Ndani ya soko letu tutaendelea kuukata na kumlipa mpigapicha.

Kodi ya asilimia 3 ya mali za dijitali, iliyoanza Septemba 2023, iliondolewa na Sheria ya Fedha ya 2025, na badala yake ukawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada zinazotozwa na watoa huduma za mali hizo. Tumempa wakili kazi ya kupitia ada zetu. Kwa aliyeuliza kama blokucheni hula umeme mwingi, blokucheni ya Ethereum iliacha Septemba 2022 mfumo wake wa zamani wa kompyuta kushindana kukokotoa, na matumizi yake ya umeme yakapungua kwa zaidi ya asilimia 99.

Mwenzetu mmoja alidondosha simu baharini akipiga picha za mashindano ya mashua, na maneno yake 12 ya siri, ambayo ndiyo ya kuirejeshea pochi kwenye simu nyingine, alikuwa ameyahifadhi ndani ya simu hiyo hiyo. Hakuna afisi ya kumrudishia maneno hayo. Tafadhalini, yaandikeni kwa kalamu, leo hii, na myaweke mahali pakavu.

Fomu za idhini ziko kwa katibu. Naomba pendekezo la kamati lijadiliwe na kupigiwa kura kabla ya picha nyingine yoyote kusajiliwa.

Mwenyekiti, Lamu