Shoga, wanataka kulipaka nyekundu

Mombasa, Jumapili usiku

Shoga yangu Rukia,

Salamu nyingi, na baada ya salamu ujue sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila Bi Mdogo bado mguu wake, na yule Mwinyi wako ameoa tena (usiniulize). Najua nimenyamaza sana, na wewe umenyamaza zaidi, kwa hivyo tusidaiane. Chai iko, umeme haujakatika, na nina jambo.

Jambo lenyewe ni ile Datsun.

Ndiyo, ile ile. Usicheke. Ile uliyokuwa ukikataa kupanda nyuma, na nyuma yenyewe haina, ni viti viwili tu na pale mahali pa mizigo tulipokuwa tukikunjwa mimi na wewe pamoja na madafu. Miaka yote hii imekaa juu ya matofali, turubai juu, paka ndani, tangu klachi ilipokufa. Sasa Baba amestaafu kweli kweli, gereji amemwachia Salim, na asubuhi moja baada ya mahamri akasema, "Lifungueni." Hakuna aliyeuliza lifunguliwe nini. Salim akamleta Karisa na mtungi wake wa gesi, na leo ukija kwetu uani hakupitiki. Viti vimo sebuleni. Injini inaning'inia kwenye mnyororo chini ya mwembe. Milango imeegemezwa ukutani na Mama anaianikia kanga.

Kutu, shoga! Unaijua hewa yetu. Na hizi Datsun 240Z, kama letu, hata zilizokaa mbali na bahari huoza, kwa sababu maji hujificha mahali pale pale: chini ya betri, sakafuni penye miguu, ile pembe ya chini nyuma ya mlango, na ndani ya reli zinazopita chini ya sakafu. Chasi ya kujitegemea hamna, bodi ndiyo chasi, kwa hivyo reli ikioza gari zima limekwisha. Karisa alilizunguka na nyundo ndogo akigonga na kusikiliza. Penye bati zima palilia. Penye pati, lile dongo la kuzibia mashimo, palinyamaza. Palinyamaza pengi. Kwenye pembe ya kushoto tukakuta fundi wa enzi hizo alishindilia gazeti, akapiga pati juu yake, akapaka rangi, akalipwa. Gazeti lasomeka hadi leo. Tumechuchumaa pale sote tukasoma tangazo la sinema.

Sasa Karisa ameikata sakafu yote na kutengeneza nyingine kwa bati, mifereji yake ameikunja kwa mkono, kwa ubao na nyundo ya mpira. Salim alimwonyesha kwenye simu sakafu zilizo tayari, za kuagiza ng'ambo. Karisa aliitazama bei, akacheka mpaka akakaa chini.

Na Mama je, unakumbuka ule mpira wake? Zile kabureta mbili lazima zivute sawa, la sivyo gari likisimama linatetemeka mpaka meno yanagongana. Baba kazi yake skrubu, Mama kazi yake sikio: kipande cha mpira wa bustani, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, anasikiliza mvumo. "Ya nyuma yavuta zaidi. Punguza. Basi, usiguse." Salim kamletea juzi kipimo cha kisasa, kizuri, chenye saa na mshale wake. Mama ameshukuru sana, akakiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Haya, rangi. Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Wewe walijua jeupe. Sisi sote twalijua jeupe. Lakini Zuhura wa Salim alipewa msasa asugue ndani chini ya dashibodi, kwa kuwa mikono yake ndiyo inayopenya, na chini ya nyeupe ikatokeza dhahabu. Si njano, shoga, dhahabu ya kumetameta. Tukatazama kwenye kifuniko cha mafuta: dhahabu. Ndani ya milango: dhahabu. Nikakesha na orodha za rangi za Datsun za miaka ile, na ipo, namba 920, Safari Gold. Kumbe ndivyo lilivyotoka kiwandani. Nani aliyelipiga nyeupe, yule daktari aliyemuuzia Baba kabla hajahamia Kanada au aliyekuwa nalo kabla yake, Mungu ndiye ajuaye.

Mimi nilidhani mambo yamekwisha. Gari limesema lenyewe rangi yake, lirudishwe. Nani atakataa?

Walikataa wote! Salim anataka nyekundu, boneti nyeusi isiyong'aa, na namba 11 mlangoni, vile vile kama gari la madereva Herrmann na Schüller lililoshinda Safari, zile mbio za magari za Pasaka, ya 1971. Nikageuka kwa Baba aniokoe. Baba akanyamaza, akanywa chai yake, akasema, "Nyekundu."

Unamjua Baba na Safari. Mwaka 1971 alikuwa mwanagenzi, hana hata baiskeli, Pasaka nzima sikio liko kwenye redio, Sauti ya Kenya. 240Z zikaja ya kwanza na ya pili, Herrmann mbele, Shekhar Mehta nyuma yake. Na 1973, hapo ndipo usimwanzishe. Mehta na Lofty Drews ndani ya 240Z, yule Mswidi Källström ndani ya Datsun nyingine, wamepita matope na vumbi lote lile, maelfu ya kilomita, wakamaliza na pointi sawa za adhabu. Sawa sawa! Ikabidi itazamwe nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa mara ya kwanza, akawa Mehta. Ukimsikia Baba utadhani yeye ndiye aliyeshika saa. Nimeisikia hadithi hiyo maisha yangu yote na bado nikifika hapo kwenye pointi nashika pumzi.

Kwa hivyo mapenzi nayaelewa. Lakini gari letu halikukimbia Safari, Rukia. Gari letu lilipeleka watu maharusini. Lilivuka Likoni na nazi nyuma ya viti. Salim nusura azaliwe ndani yake pale kwenye foleni ya feri, na huyo huyo Salim leo anataka kulibandika 11. Ni kulivisha medali ya mwenzake. Na anasema akimaliza atalipeleka Concours ya Nairobi, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa, pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ile ya klabu ya wenye Alfa Romeo. Wale majaji huinama mpaka chini ya gari. Wakimuuliza hili lilikimbia mwaka gani, atajibu nini? Lilikimbia kwenda Mtwapa?

Nisimdhulumu lakini, naye ana hoja. Aliniambia, "Hiyo dhahabu hakuna hata mmoja nyumba hii aliyewahi kuiona. Unamrudishia nani?" Nikakosa jibu. Jibu nililipata kesho yake nikiwa kazini, tena zuri, lakini jibu la kesho yake halishindi ugomvi.

Na Baba... Mikono yake sasa yatetemeka, zile skrubu hawezi tena. Alikaa pale kwenye kiti cha plastiki akasema miaka yote hiyo alikuwa akilitazama jeupe akiliona jekundu. Hakuwa na pesa za rangi, kulikuwa na karo zetu. Sasa mimi nimwambie nini mzee, kwamba ndoto yake haina ushahidi? Gari ni lake. Lakini nikibaki uani peke yangu nikaingiza kichwa chini ya dashibodi nikaiona ile dhahabu, nasema hapana, hii ikishafunikwa tena safari hii ndiyo basi, hakuna mtu atakayekuja kusugua tena, na...

Ah. Tuyaache, nitarudi.

Usidhani rangi ndiyo ugomvi peke yake. Salim alitaka pia kutia injini ya L28, ile ya Patrol za zamani, lita 2.8 badala ya 2.4 yetu, ati ni ukoo mmoja, yaingia bila kukata kitu. Ni kweli yaingia. Ila hapo Baba aliinuka bila bakora. L24, hii yetu ya 2.4, inabaki. Silinda zimesagwa, pistoni mpya, cheni ya taimingi mpya, na hivyo si vigumu kupata, maana injini za jamii hiyo ziliwekwa kwenye magari mengi. Tapeti, yaani ile nafasi ndogo ya valvu, atamwelekeza Zuhura aziweke mwenyewe, milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.25 za kutolea, injini ikiwa baridi. Mtoto amezikariri pamoja na mtiririko wa moto, zamu ya silinda kuwaka, 1-5-3-6-2-4, anauimba akienda chuoni. Mwalimu wake ameniuliza ni namba za nini.

Sasa ombi, na hapa ndipo unapoona kwamba sikukuandikia bure. Nahitaji raba: za milango yote miwili, ya mlango wa nyuma, na ya kioo cha mbele. Tulinunua hapa mjini, duka moja nisilolitaja, tukaambiwa asli. Jua lilipozipiga zikasinyaa, pengo laingiza kidole. Halafu sindano na jeti za kabureta, zile za Hitachi. Na nembo ya nyuma ikipatikana. Mwambie shemeji akiuliza aseme HS30, ndiyo namba ya muundo wa letu, asiseme S30 tupu, kwa sababu huko kwenu Japani waliliita Fairlady Z na mengi ni ya lita mbili, vitu vya kabureta visije vikachanganyika. Na tafadhali asishawishike na gari zima mnadani. Namjua. Bei zake siku hizi hazishikiki, na wewe una watoto.

Pesa nitampelekea mama yako Kibokoni mkononi, ukishaniambia kiasi. Na mzigo usiwekwe kwenye buti ya gari la mtu linalokuja bandarini, hata akiapa. Redio ya kaka yako bado twaikumbuka.

Ombi la pili ndilo hasa linaloniweka macho. Nissan, ndio waliounda Datsun, wana ghala lao la magari ya zamani pale Zama, mkoa huo huo wenu wa Kanagawa. Lile gari lenyewe la 1971 wanalo wao, na mwaka 2013 walilitengeneza likaenda tena. Kuingia ghalani ni kwa kuweka nafasi mapema. Ukipata siku, nenda na watoto, ukalitafute, unipigie picha. Si ya mbele tu na wewe umetabasamu pembeni. Nataka boneti kwa karibu, milango kwa karibu, pembe za chini. Nataka kujua kitu kimoja: mabonyeo na mikwaruzo ya Safari wameiacha, au wameinyoosha yote likawa kama la dukani? Maana kama wenye kiwanda, na mashine zao zote, waliliachia makovu yake, basi nitamwekea Baba hiyo picha mezani bila kusema neno. Na kama walinyoosha, basi picha hiyo itampa raha hata hivyo, na mimi nitashika brashi ya nyekundu mwenyewe. Pengine. Sijui.

Nilifikiria pia tulipake dhahabu nje na boneti iwe nyeusi. Salim amesema hiyo itakuwa pikipiki ya bodaboda. Nilifikiria tuache kipande cha dhahabu ndani bila kukifunika, pale chini ya dashibodi, nyekundu iishie nje. Hilo Baba hakulikataa, aliguna tu, nawe unajua Baba akiguna ni mambo mawili. Mama akiulizwa rangi anajibu, "Kwanza lingurume nilisikie."

Haya niambie. Wewe ungelipaka gani? Usinijibu kwa urafiki, nijibu kama ulivyonijibu juu ya yule mchumba wa Malindi. Shemeji mgongo umepona? Yasmin ameshaanza shule, na anazungumza Kiswahili au ndiyo mumempoteza? Baridi ya huko imeshaingia? Bado unaendesha ile gari yako ndogo, au treni imekushinda nguvu? Idd mnakuja ama ni ahadi zile zile? Na ile mapishi ya mkate wa sinia niliyokutumia ilikubali, au unga wa huko hautaki?

Nijibu upesi, si kwa mwendo wako ule. Mpiga rangi ameshachukua arbuni kwa Salim, na Salim anasema nyekundu imeshachanganywa, ingawa mkebe wenyewe nimeutafuta gereji nzima sijauona.

Wako,
Mwanaisha

N.B. Raba ya kioo cha mbele iwe ile ya kupachika utepe wa krome, utepe wetu mzima.