Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Bagamoyo

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, nami sitamwingilia. Yangu ni ya angani, na mwaka huu kazi kubwa ilikuwa moja: nebula M8, wingu la gesi na vumbi angani, maarufu kwa jina la Lagoon, pamoja na fungu la nyota changa NGC 6530 lililomo ndani yake.

Tuliichagua kwa sababu sisi tumebahatika. Ipo katika kundi la nyota la Kausi, na hapa Bagamoyo hupanda hadi nyuzi 72, karibu na utosi. Wenzetu wa London huipata nyuzi 14 tu juu ya upeo. Tena msimu wake ni Juni hadi Agosti, masika yameshatuacha na kipupwe kimeingia.

Kwenye darubini ya inchi 8 nyota za fungu hujitokeza mara moja. Wingu huja taratibu, la kijivu, limekatwa na mkanda mweusi wa vumbi. Wageni wetu kila mara waliuliza: mbona ule wekundu wa kwenye picha hatuuoni? Wekundu upo, ni hidrojeni inayong'aa kwa mwanga wa nanomita 656, ila ni hafifu mno na jicho gizani halishiki rangi hiyo. Hata kamera za kawaida zina kichujio kinachozuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Mwanachama mmoja alipoleta kamera iliyotolewa kichujio, ndipo picha zikaanza kufanana na picha.

Kuelekeza mtambo unaobeba darubini kwenye ncha ya anga, ili ufuate nyota zinavyozunguka, ndiko kulikotutoa jasho. Polaris, nyota inayoonyesha ncha ya kaskazini, kwetu haichomozi kabisa, na ncha ya kusini ya anga imeinuka nyuzi 6 tu: nyuma ya minazi, na upande uleule wa taa za Dar es Salaam. Kamati ya picha ikaamua kuangalia nyota inavyoteleza kwenye lenzi na kurekebisha kidogo kidogo, kisha kupiga picha za sekunde 30 na kuzirundika kwenye kompyuta ziwe picha moja. Kazi ya subira, na vijana wameiweza.

Sasa umande. Usiku haujaenda mbali kioo cha mbele kimeshalowa, na juu yake pana chumvi ya bahari. Kukifuta kwa pindo la kanga ni kukikwaruza. Tabia hiyo naomba ikome.

Wapo wanaotaka tununue darubini ya inchi 12. Mimi sikubaliani nao. Kioo kikubwa kilicholowa hakioni zaidi ya kidogo kilicholowa. Tununue kwanza mikanda ya kupasha kioo joto, masanduku yasiyopitisha hewa ya kuzuia kuvu kwenye lenzi, na tukodi kiwanja upande wa barabara ya Msata, mbali na ufuo.

Hoja hiyo ni ajenda ya tano. Ikipita, Januari tutaanzia huko na nebula ya Orion, na Kilimia kwa wanaopenda kutazama tu. Wanaodaiwa ada wamwone mhazini kabla ya kura, maana katiba haiwaruhusu kupiga.