Unakuja Unguja peke yako wikiendi? Soma hii kabla hujakata tiketi

Meseji tunayoipata sana hapa gesti kwetu Mji Mkongwe, hasa ikishafika Jumatano, ni ya mtu wa Dar au Arusha au Nairobi anaeuliza "nakuja Ijumaa narudi Jumapili, niko mwenyewe, nataka nione Nungwi, Paje, msitu wa Jozani, mashamba ya viungo, kisiwa cha Changuu na Mji Mkongwe, inawezekana?" Jibu letu ni lile lile siku zote, inawezekana ila utakachokijua vizuri ni kisogo cha dereva. Nungwi iko kaskazini kabisa, kama kilomita 60 kutoka mjini, Paje na Jambiani ziko upande wa mashariki, na safari zote hizo zinaanzia mjini na kuishia mjini. Ukiweka na jam ya kutoka mjini na kusubiri daladala lijae, siku imeisha.

Kwahiyo ushauri wetu kwa mtu wa usiku mbili ni mmoja tu, baki mjini. Kisiwa kizima njoo ukiwa na wiki. Na tunasema hivi wakati kwenye gari la Nungwi na sisi tungepata chochote kidogo, ila tumechoka kuona wageni wanaondoka Jumapili hoi hata mtaa wa Mkunazini hapa hapa mjini hawajaujua.

Kuna na suala la hela. Utalii wa hapa umepangwa kwa watu wawili wawili. Vyumba vingi bei yake ni ya dabo, ukilala mwenyewe unalipa na mto usiolaliwa. Boti ya kwenda Changuu, kile kisiwa chenye makobe wakubwa waliotoka Shelisheli enzi za ukoloni, inakodishwa boti nzima, nahodha hajali mko sita au uko mwenyewe. Gari la viungo la kwenda Kizimbani au Kidichi hivyo hivyo. Sisi tunachofanya, chumba cha mtu mmoja tunachaji cha mtu mmoja basi, na kwa boti na gari tunaandika majina kila jioni kwenye ubao pale mapokezi na kuulizana na gesti za jirani, wakipatikana watu wanne watano mnachangia asubuhi mnaondoka. Wasipopatikana tunakwambia ukweli usiku ule ule upange kingine, hatukuweki roho juu mpaka saa nne asubuhi.

Sasa twende kwenye kitu kinachowapa watu presha kuliko vyote, vichochoro. Mtu anashuka bandarini Malindi saa tatu asubuhi, anafungua ramani kwenye simu, ramani inamwambia dakika kumi, baada ya nusu saa anatupigia yuko mbele ya mlango wenye misumari ya shaba. Dada yangu, milango yenye misumari ya shaba imejaa mji mzima! Kuta za hapa ni nene na ndefu na vichochoro vyembamba, simu inapoteza mwelekeo, ile nukta ya buluu inaruka kutoka mtaa wa Kiponda mpaka wa Hurumzi umesimama pale pale.

Ndo maana ukibuku kwetu tunakupokea getini bandarini kwa miguu, bure, halafu hatukuleti moja kwa moja. Tunazunguka na wewe kama nusu saa, begi analibeba kijana wetu, ukifika gesti umeshapata picha ya mji. Kikubwa cha kushika ni kwamba Mji Mkongwe ni rasi ndogo, bahari iko karibu pande zote, na upande uliobaki kuna barabara kubwa ya Darajani, ambayo zamani ilikuwa mkono wa bahari ukafukiwa. Maana yake hata ukipotea vipi, ukichagua upande mmoja ukaukazania utatokea baharini au utatokea Darajani, hamna pengine pa kutokea. Ukitokea Darajani utaliona soko la mwaka 1904, na kutoka pale Mkunazini ni jirani tu. Ukitokea baharini fuata ufukwe mpaka bustani ya Forodhani na Ngome Kongwe. Minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu nayo inasaidia ukiwa sehemu ya wazi, ila ukiwa chini kwenye kichochoro huioni, usiitegemee sana.

Na ukikwama uliza, lakini sio uliza ilimradi. Usimsimamie mzee kwenye baraza ukamtupia "samahani, Shangani wapi", huku kwetu hiyo inasikika vibaya. Toa salamu kwanza, asalaam alaykum au shikamoo, subiri ajibu, mjuliane hali kidogo ndo uulize. Mara nyingi atanyanyuka mwenyewe akutoe mpaka kona, au aite mtoto akupeleke. Mtu aliekuja peke yake anapata hivi vitu kuliko kundi la watu wanane, kundi linaogopesha, mtu mmoja anakaribishwa.

Anaekufuata bila wewe kumuita, hasa pale nje ya bandari na njia ya kuelekea Forodhani, huyo ni papasi. Wengi sio watu wabaya, wanatafuta riziki, ila akikupeleka gesti au dukani kamisheni yake iko ndani ya bei yako. Mwambie "nashukuru, nina mwenyeji wangu" na utembee, usisimame kujieleza maana ukisimama umekwisha. Ukihitaji mtembezaji wa kweli omba aonyeshe kitambulisho chake, watembezaji waliosajiliwa wanacho na hawanuni ukiomba.

Kula sasa. Kila mtu ameambiwa Forodhani usiku, sawa nenda, jioni jua likizama vijana wanapiga makachu kutoka ukutani kuingia baharini na hiyo ni burudani ya bure. Ila chakula cha pale mimi sikisifii kihivyo. Ile mishikaki ya kamba na pweza iliyopangwa juu ya meza ni mizuri kwa picha, uliza bei ya kila mshikaki kabla hajauweka kwenye sahani, maana jumla ya mwisho ina tabia ya kushtua. Usiku wako wa kwanza tafuta urojo. Bakuli moja, supu ya njano nzito kidogo yenye ukali wa embe bichi, ndani kuna viazi, bajia, kachori, ukitaka na mshikaki na yai, juu yake chatine ya nazi, pilipili, na chipsi za muhogo zilizovunjwa vunjwa ambazo inabidi uzile haraka kabla hazijalowa. Kwa mtu alie peke yake ni chakula kizuri mno, unakaa kwenye benchi na wenyeji, hakuna anaekuuliza meza ya watu wangapi. Baada ya hapo kahawa chungu na kashata pale kijiwe cha Jaws Corner, wazee wanabishana mpira na siasa, we sikiliza tu.

Sehemu moja ambayo nakushauri uende mwenyewe hata kama umepata marafiki njiani ni kanisa la Anglikana la Mkunazini, lililojengwa pale palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano, minyororo shingoni. Kuna na vyumba vya chini ambavyo dari lake unainama. Kundi likiingia pale wanaanza selfi, ukiwa peke yako unakaa unavyotaka. Beit el Ajaib, lile jumba la Sultan Barghash la 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo, kwahiyo usiliweke kwenye ratiba kabla hujatuuliza hali ikoje.

Wadada wanatuuliza sana kuhusu usalama. Mchana tembea popote. Usiku Forodhani, Shangani na njia zenye maduka kuna watu mpaka kama saa nne, baada ya hapo vichochoro vinakuwa vitupu na vingine havina taa, wengi hawakufanyi kitu ila kwanini ujitese. Tupigie, tunamtuma mtu akufate, hiyo nayo haina malipo. Simu usiishike mkononi unatembea huku unaangalia ramani. Na nguo, funika mabega na magoti ukiwa mjini, kaka na wewe pia usitembee kifua wazi, hapa ni majumbani kwa watu. Nguo za kuogelea ni za ufukweni.

Ukija mwezi wa Ramadhani jua kwamba mchana mikahawa mingi inafungwa na hairuhusiki kula wala kunywa hadharani, hata maji. Kwetu chai ya asubuhi ipo ndani kwa asiefunga, na jioni karibu ufuturu na sisi, hiyo futari ndo itakufanya urudi. Masika, Machi mpaka Mei, vyumba viko rahisi ila mvua ikishika vichochoro vinajaa maji na boti za Changuu zinaweza zisitoke.

Kuhusu boti ya kuja, kata tiketi ofisini kwao au mtandaoni, usimpe hela mtu wa nje anaekwambia zimeisha. Jina liwe kama la kitambulisho, na uje nacho chenyewe sio picha kwenye simu, Mtanzania bei yake ni tofauti na ya mgeni na pale mlangoni hawabembelezi. Alie sio Mtanzania atuulize kwanza kuhusu ile bima ya lazima ya wageni iliyoanza Oktoba 2024. Boti ya kasi kutoka Dar inachukua kama masaa mawili, wakati wa kusi, ule upepo wa kutoka kusini, bahari inachafuka, kaa chini nyuma kidogo, usile chapati tatu kabla ya kupanda.

Kurudi Dar, boti za kasi za mwisho zinaondoka alasiri, sio usiku, na Jumapili zinajaa, kwahiyo kata ya kurudi siku ile ile unayokata ya kuja. Chumba unaachia saa nne asubuhi ila begi tunakutunzia na bafu la uani unatumia kabla ya kuondoka. Kubuku tutumie meseji yenye jina lako, boti ya saa ngapi, na kama kuna kitu huli, mpishi wetu anaweka nazi kwenye kila kitu.