Boti ya jeti haikufa, ilibanwa shafti tu

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni.

Mimi fundi injini za boti hapa Mikindani. Juzi kati nimeitwa kwenye boti ya jeti, zile zisizokuwa na panga nje, zinavuta maji chini ya tumbo zinayatema nyuma kwa nguvu, ilikuwa imelala juu ya mchanga kusi nzima na mwenyewe alishapatana bei na wanunua skrepa. Kaambiwa injini imekufa. Nikamwambia bosi, nipe siku tatu, nikishindwa wauzie.

Waliotangulia waling'ang'ania starta. Ufunguo ukizungushwa inalia tik basi, wakaleta betri ya lori wakaunga, starta ikatoa moshi. Sasa kitu kimeganda unaongeza umeme wa nini jamani? Mimi nilitoa nyaya za betri, nikafungua plagi zote, nikaachanisha kapulingi pale injini inapokutana na shafti ya pampu, nikatia spana kwenye puli ya mbele ya injini nikazungusha kwa mkono. Ikazunguka laini kama cherehani. Mzima ndo alikuwa anachimbiwa kaburi, mgonjwa ni pampu!

Nikalala chini na tochi nikachungulia kwenye wavu wa kuingizia maji. Nailoni ya nyavu ilikuwa imejiviringisha kwenye shafti, hiyo nikaikata kwa kisu, shafti bado haitikisiki. Ndo nikaona unga mweupe. Impela ya pampu ile, yaani lile panga la ndani linalosukuma maji, ni ya stenlesi, inazunguka ndani ya pete ya stenlesi, na pete imekaa ndani ya nyumba ya alumini, yaani ganda la pampu. Stenlesi na alumini vikigusana kwenye maji ya chumvi inayoliwa ni alumini, inageuka unga mgumu kama chokaa iliyokauka, na ule unga unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, kwa hiyo unajazana nyuma ya pete unaisukuma kwa ndani mpaka inaikaba impela. Pampu ikiwa nzima pale katikati nafasi haifiki hata milimita moja, haihitaji kusukumwa sana. Kipo kipande cha zinki kinafungwa makusudi ili kiliwe chenyewe badala ya alumini, tulikikuta kimepakwa rangi ya bluu ili boti ipendeze. Zinki ukishaipaka rangi ni pambo.

Kuna kijana akaja na mtungi wa gesi, "Mjomba, tupige moto tumalize." Nikamwambia mwanangu, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka unajificha kwenye ngama, kule chini kabisa ndani ya boti, utaturusha wote mpaka Msangamkuu. Halafu alumini haikupi taarifa, chuma kinakuwa chekundu unakiona, yenyewe ikifika nyuzi 660 inayeyuka na rangi yake ile ile. Tukachemsha maji. Alumini ikipata joto inatanuka kuliko stenlesi, na hapo hapo maji yanayeyusha chumvi, basi ndoo baada ya ndoo juu ya nyumba ya pampu, katikati tunapulizia WD-40, ile dawa ya kulegeza vilivyoganda, na kutia mafuta ya gia za otomatiki, tukaacha ilale. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu nikaongeza mkono wa spana kwa kipande cha bomba, sio kuvuta upande mmoja kwa hasira maana utakata shafti, kidogo mbele kidogo nyuma, mbele, nyuma, mara ikalia kama bawaba ya mlango wa zamani ikasogea upana wa ukucha. Kufika adhuhuri unaizungusha kwa mkono mmoja. Pete tukaitoa tukakwangua unga, tukabadilisha beringi, sili na zinki, kazi ikaisha.

Sasa kilichonifanya niandike. Hizi jeti za kisasa mwanzilishi wake ni Hamilton wa New Zealand, miaka ya 1950, alitaka kupita kwenye mito ya kwao yenye maji machache na mawe, yaani maji baridi matupu, yasiyo na chumvi. Sisi tunaiendesha kwenye chumvi halafu tunaipandisha mchangani bila kuiogesha. Ikirudi kutoka baharini isafishwe kwa maji baridi siku hiyo hiyo. Wenye jet ski muwe makini, unawasha injini kwanza ndo unafungulia maji, na ukimaliza unafunga maji kabla hujazima, ukigeuza utaratibu maji yanapanda kwenye silinda na hapo injini itakufa kweli.

Lakini hayo maji baridi tutayatoa wapi? Hapa tunaposhusha vyombo hakuna bomba hata moja, wavuvi wenye injini za nje nao shida ni hii hii, wanasuuza kwa dumu la lita 20 wanalobeba kutoka majumbani, na la kunywa humo humo. Tunaomba wahusika watuvutie bomba moja tu mpaka dikoni, mita tutailipia wenyewe kwa kuchangishana, tumeshakubaliana. Kwa sasa ile boti ya jeti ikirudi naiogesha mimi, ndoo mbili, nayateka nyumba ya tatu kutoka pwani na mama mwenye nyumba ameanza kununa.

Fundi injini,
Mikindani, Mtwara